Sinema Ilipomtoa Mwali

Kwedikole, Handeni
Jumapili, 13 Julai 1975

Asubuhi ya ukungu na manyunyu. Jua limetoka saa tatu, wanawake wamechelewa kuanika mahindi.

Dorkasi rafiki yangu,

Cheka upendavyo kwamba barua zangu zinaanza na hali ya hewa kama daftari langu la kila siku. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira nisiposhika utaratibu nitaandika matusi.

Alhamisi gari la sinema lilifika. Nilikueleza mwaka jana kwamba watu wa filamu kutoka Dar es Salaam walikaa hapa kijijini siku kadhaa wakipiga picha, na wakamchukua mwanafunzi wangu Zuena, binti wa Mzee Isihaka, aigize. Sasa filamu imekamilika na inaitwa *Sikitu Anatoka*. Zuena ndiye Sikitu. Ni mwali aliyewekwa ndani, anachezwa na kufundwa, na kesho yake atatolewa nje aolewe. Asubuhi hiyo hiyo ni mtihani wa darasa la saba. Sikitu anafungua mlango mwenyewe, mafuta yanamtiririka shingoni, shanga kiunoni, anapita katikati ya kijiji mchana kweupe mpaka shuleni na kuketi kwenye dawati. Baba yake anakuja kusimama dirishani. Sikitu hainuki. Basi, imekwisha.

Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la kijiji. Mwanzoni watu walicheka kuona mbuzi wao wenyewe ukutani. Halafu zikaja nyimbo za ndani, zile ambazo mwanamume hazisikii hata akiwa mume wako. Wanaume wote walikuwepo, na watoto wa darasa la kwanza wameketi mbele. Bibi Chausiku, mama yake Isihaka, ndiye aliyeziimba kwenye filamu hiyo. Aliinuka, akajikongoja hadi mbele na kusimama kwenye mwanga wa mashine, kivuli chake kikaifunika picha nzima. Mwendesha mashine akampigia kelele, "Bibi, kaa chini, unawazibia wenzako." Akajibu, "Ndiyo, nawaziba."

Wanawake hawa waliambiwa picha zinakwenda Dar es Salaam. Hakuna aliyewaambia kuwa zitarudi.

Lakini la kunikosesha usingizi ni jingine. Zuena alipoingia darasa la sita niliahidiana na baba yake: mwali hachezwi mpaka afanye mtihani. Asipochezwa haozwi, hilo kila mtu hapa analijua. Ahadi hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake yote. Ijumaa, baada ya sala, Isihaka akaniita pembeni. "Mwalimu, watu wameona kwa macho yao. Binti amechezwa na ametoka. Semboja wa Mkata ameleta posa, na mimi sina la kumjibu. Idd ikipita ataolewa." Mtihani ni mwisho wa Oktoba. Idd ni mwanzoni mwake.

Unaona walivyofanya? Filamu inayohubiri msichana asome ndiyo imemtoa msichana wangu shuleni.

Wako,
Fatu Mhina


Korogwe
26 Julai 1975

Mpendwa Fatu,

Barua yako ilinikuta nimetoka kuiona hiyo filamu, kwa hiyo nisamehe nikianza na furaha. Tuliionyesha ukumbini kwa wasichana wetu wote wa sekondari, na watu wa mjini wakajaa hadi mlangoni, manamba wa mashamba ya mkonge, wafanyabiashara, hata wazee wa kanisa. Yule baba aliposimama dirishani, mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Inuka, wewe mtoto!" Mwingine naye, "Inuka!" Wasichana wangu, ambao mbele ya mwanamume hawasemi zaidi ya shikamoo, wakajibu kwa pamoja, "Kaa! Kaa!" Ukumbi mzima ukawa inuka, kaa, inuka, kaa. Fatu, nimefundisha miaka minne na sijawahi kusikia kitu kama hicho.

Mama yangu Yuditha, aliyeshuka kutoka Mpale kuja kunitazama, alitoka kabla haijaisha. Njiani akaniambia, "Baba amesimama, mtoto ameketi, na nyinyi mnapiga makofi." Alinipeleka shule yeye mwenyewe, tena kwa kugombana na baba, lakini hilo la kuketi lilimshinda.

Kuhusu Zuena, naona unajitia hofu bure. Waambie ilikuwa ni maigizo. Mtu akifa katika mchezo wa kuigiza, hazikwi. Nenda kwa huyo bibi, mweleze, naye amwambie mwanawe. Sauti ya huyo msichana ni nzuri mno, yule atafika mbali.

Akupendaye,
Dorkasi Hiza


Kwedikole
Jumapili, 10 Agosti 1975

Asubuhi kavu, upepo kutoka milimani, vumbi hadi ndani ya sanduku la chaki.

Dorkasi,

Ile sauti uliyoipenda si ya Zuena. Walimtafuta mtu mwingine Dar es Salaam aseme maneno yake, kwa sababu wa kwetu anasema Kiswahili chenye Kizigua ndani. Wamechukua uso wakaacha mdomo. Nakuambia hilo kwanza ili ujue unampigia makofi nani.

Nilikwenda kwa Bibi Chausiku. Alikuwa akipukuchua mahindi, nikaketi kumsaidia. Nikamwambia kama ulivyosema, kwamba ilikuwa maigizo tu.

"Maigizo ndiyo nini?"

"Mchezo, bibi. Kufanya kama kweli."

"Mwalimu, nilimpaka mafuta kama kweli au nilimpaka mafuta?"

Akaendelea kupukuchua, kisha akaniambia jambo ambalo hakuna aliyelijua nje ya wanawake wale, hata Isihaka. Watu wa filamu walinunua mchele, mbuzi, kaniki na mafuta ya nazi, ili picha ionekane vizuri. Bibi akaviona vile vitu vimepangwa ukumbini kwake. "Isihaka kila nikimuuliza alisema mwakani, bado mwalimu hajaruhusu. Mimi mwakani nitakuwa wapi? Serikali imeleta mchele. Nikawaita wenzangu nikawaambia, wacha wapige picha zao, sisi tumcheze mjukuu wetu." Na walimcheza, Dorkasi, siku ile na usiku wake, hata baada ya wenye kamera kwenda kulala. Hawakuacha kitu.

Watu wa Dar es Salaam walifikiri wanawatumia vikongwe. Vikongwe nao wakawatumia wao. Anayelipa ni mtoto wa miaka kumi na mitano, na sheria mpya ya ndoa tuliyoishangilia mimi na wewe inamruhusu baba yake kumwoza katika umri huo huo.

Nilimkasirikia bibi, nikashindwa kumwonyesha, nikajikasirikia mwenyewe. Nilipoinuka akasema, "Keti umalizie gunzi lako." Nikalimalizia.

Zuena bado anakuja darasani. Jana aliniuliza, "Mwalimu, yule Sikitu mwishowe alifaulu?" Nikamwambia filamu inaishia pale kwenye dawati. Akasema, "Basi hata wao hawajui."

Nakuomba jambo moja. Nasikia mwongozaji wa filamu anakuja Korogwe kuzungumza na walimu. Mkamate. Aandike kwa mkono wake kwamba yale yote yalikuwa maigizo, aweke na mhuri. Isihaka anaheshimu karatasi ya serikali kuliko mimi. Bibi akisema amemcheza, na serikali ikisema hakuchezwa mtu, huenda akasita hadi mtihani upite.

Fatu


Korogwe
27 Agosti 1975

Fatu wangu,

Nimemkamata. Ningefurahi kukuambia nimemkamata shati.

Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu sinema ya taifa jipya na minyororo ya mila. Alipomaliza nikamfuata nikamweleza habari ya Zuena tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, namtolea ushahidi. Nikamwomba ile barua. Akacheka kidogo, kwa upole.

"Mwalimu, siwezi kuandika hivyo. Uzuri wa kazi hii ni kwamba si maigizo. Kila mahali ninapokwenda nawaambia watu, yale mliyoyaona ni halisi kabisa. Wale akina mama walicheza kweli, na binti alichezwa kweli."

Nikamwambia, "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba wanamtoa mtoto wa watu."

"Nilijua napata picha nzuri." Halafu, Fatu, ushike kitu usije ukaanguka, akaniuliza harusi itakuwa lini. Ana mkanda uliobaki. Angependa kuonyesha upande wa pili, Sikitu wa kweli aliyeshindwa.

Nilimwambia mambo ambayo mkuu wangu wa shule ameyasikia na amenionya kwayo. Siyajutii. Lakini nimerudi chumbani nikijiuliza kuhusu wasichana wangu waliopiga kelele za kaa, kaa. Kupiga kelele ukumbini hakukumgharimu mtu. Anayetakiwa kuketi ni mmoja, naye yuko Kwedikole.

Siku zote umeniambia niwe na subira na wazee. Nimeshindwa. Nimemwandikia Mzee Isihaka mwenyewe. Nimemwambia wazi kwamba anamuuza binti yake.

Dorkasi


Kwedikole
14 Septemba 1975

Kwa Mwalimu Dorkasi Hiza,

Mimi ni mzima, tumo ndani ya mfungo. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nimejifunza kusoma darasa la watu wazima, na aliyenifundisha ni Mwalimu Fatu. Kwa hiyo usifikiri imesomwa na mtu mwingine mbele za watu. Nimeisoma peke yangu chini ya kibanda cha mbuzi na nimeikunja.

Umesema ninauza. Sijapokea kitu kwa Semboja ila neno lake. Wewe hunijui.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa. Tulihamishiwa hapa kwa operesheni ya vijiji, tukaacha minazi na makaburi. Tukaambiwa jengeni kwa mstari, tukajenga kwa mstari. Wakaja watu na gari, wakasema serikali inataka picha ya maisha ya mwananchi. Sikukataa. Nani anakataa? Wakasema wanahitaji msichana. Nikampa. Wakasema baba asimame dirishani akiwa na hasira. Nikasimama. Yule unayemwona dirishani ni mimi. Waliniambia, mzee, kasirika. Nikasema nimkasirikie nani, huyu mtoto hajanikosea. Wakasema kasirika tu.

Sasa nchi nzima inaniona mimi ndiye baba mbaya. Nilikwenda Korogwe kuuza mahindi, kijana wa stendi akaniita, "Baba Sikitu, binti yako amekukalia!" Wakacheka wote. Mama yangu haendi tena kisimani kwa sababu watoto wanaimba nyimbo zake nyuma yake. Hivyo sisi ndio tuliovuliwa nguo, kisha wewe unaniandikia kuhusu haki.

Semboja ni mtu mzima, anasali, ana shamba. Alikuja baada ya sinema, wengine wote walipokuwa wanacheka. Alisema, mzee, mimi sikuona ubaya wa binti yako. Hilo ndilo neno lake. Baada ya siku zile, nilitaka kulisikia.

Sina ugomvi na shule. Nina ugomvi na kuchekwa.

Ni mimi,
Isihaka


Kwedikole
Jumapili, 12 Oktoba 1975

Asubuhi mawingu mazito, mvua imeonekana upande wa Korogwe lakini hapa haikufika. Idd imepita.

Dorkasi,

Isihaka alinionyesha barua yako, na nakala ya jibu lake. Sitakugombeza. Nilitaka kukugombeza, lakini nilipofika pale pa kusimama dirishani nikakosa nguvu. Miezi mitatu nimemkasirikia mtu huyu na sikuwahi kumuuliza ilikuwaje.

Sasa sikiliza ya juzi, nami nitajaribu kuyapanga.

Semboja alileta watu wake Ijumaa. Kabla ya neno la mwisho, desturi ni wanawake kukutana na binti ndani kwa bibi yake. Zuena alikuja kwangu alfajiri, amevaa sare ya shule, na khanga juu yake. Akasema, "Mwalimu, leo naingia. Wamesema nimechezwa, sawa. Aliyechezwa ana neno lake mle ndani, bibi alinifunza." Nikamwambia ninakwenda naye, nitamsemea. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na sheria, umri, tarehe ya mtihani, kila kitu kwenye karatasi.

Tulifika mlangoni. Bibi Chausiku alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Akampisha Zuena aingie. Kwangu akanyoosha mguu, akaniziba.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Naingia na mwanafunzi wangu."

"Wewe ulichezwa wapi, Mwalimu?"

Unajua jibu. Umri huo nilikuwa bweni Korogwe, kitanda cha pili kutoka chako, nikikariri mito ya dunia. Sikuchezwa. Mama alisema nikirudi, nikarudi nimekuwa mwalimu, likasahaulika. Mle ndani mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni mtoto akacheze nje, watu wazima wanazungumza." Wakacheka wote, tena bila ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Na Zuena nilimsikia akicheka.

Nimefika kidato cha nne. Nina cheti cha ualimu. Nimewafundisha nusu ya wale wanawake kuandika majina yao. Nilisimama uani na karatasi yangu, pamoja na kuku na watoto wa chekechea, wakati mwanafunzi wangu wa darasa la saba yuko ndani na watu wazima. Sijapata kudhalilishwa namna ile. Isihaka naye alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, maana mwanamume haingii. Tukatazamana. Akaniletea kigoda.

Walikaa hadi adhuhuri. Mara kimya, mara kelele, mara wimbo mfupi. Nikasikia sauti ya Zuena, ya kwake mwenyewe, Kizigua kitupu, akisema kwa muda mrefu bila kukatizwa. Sikuyapata maneno, kwa sababu kila aliposema wanawake walipiga vigelegele vya chini kuyafunika.

Bibi akatoka. Akamwambia mwanawe mbele ya watu wa Semboja, "Huyu haendi mwaka huu. Tumemaliza." Mzee mmoja wa upande wa Semboja akauliza sababu. Bibi akarudi kuketi kizingitini. Isihaka akasema, "Kama wamemaliza, wamemaliza." Wale watu wakanywa maji, wakaaga.

Zuena alitoka mwisho, akavua ile khanga na kuikunja. Tulikwenda shuleni pamoja. Nikamuuliza alisema nini. Akasema, "Mwalimu, hayo siwezi kukuambia." Hakusema kwa kiburi. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Fatu


Korogwe
15 Novemba 1975

Fatu,

Nimefurahi hadi mama akashuka tena kuja kuuliza nina nini. Nikamweleza. Akasema, "Hapo sawa." Nikamuuliza, kuna tofauti gani na yule wa kwenye sinema, si wote wamekataa kuolewa? Akasema yule alipita nje, huyu alipita ndani. Mimi sijaelewa vizuri. Wewe huenda umeelewa.

Nimemwandikia Mzee Isihaka kumwomba radhi. Hajanijibu, na hana deni la kunijibu.

Sasa angalia kipande hiki cha gazeti. Kimetundikwa kwenye ubao wa matangazo shuleni kwetu. Kinasema msichana aliyeigiza Sikitu amefanya mtihani wake, kwamba wazazi wake waliguswa na filamu wakaachana na mila, na kwamba sinema imeshinda pale ambapo mikutano ya hadhara ilishindwa. Mwongozaji ametajwa. Kuna picha ya Zuena na shanga zake. Wasichana wanaisoma wakienda kula.

Andika, Fatu. Wewe ulikuwepo. Waandikie wajue.

Dorkasi


Kwedikole
Jumapili, 23 Novemba 1975

Asubuhi mvua ya vuli, nzuri, ya kutulia. Watu wote wako mashambani. Barua hii nimeiacha mchana nikaimalizia usiku.

Dorkasi,

Zuena alifanya mtihani siku zote, na tunasubiri majibu. Siku ya kwanza Isihaka alimsindikiza. Alipokaribia dirisha la darasa akageuka na kupita upande wa pili wa jengo, kupitia nyuma, kwenye matope, ili tu asipite dirishani. Andika hilo kwenye ubao wenu wa matangazo.

Kipande cha gazeti nimekisoma mara nyingi. Nimekasirika zaidi ya Julai. Wanaume wale wa filamu na wa gazeti hawakukaa uani. Hawakuona mguu ulioziba mlango. Walichukua nyimbo za wanawake wakazionyesha hadharani, wakachukua uso wa mtoto, wakampa sauti ya mtu mwingine, wakamtia hatarini wakaondoka, na alipojitoa wamerudi kuchukua hata hilo. Mila waliyoizika ndiyo iliyomwachia. Au si mila, ni yeye. Au ni bibi aliyejua kosa lake. Sijui, na hapo ndipo ninapokwama.

Nimeketi mezani tangu saa mbili usiku kuandika kwa mhariri. Nimeandika jina langu, anwani, na "Ndugu Mhariri." Nimeandika kwamba si filamu iliyomwokoa. Kisha inatakiwa niseme ni nini, na wanaojua ni wanawake waliokuwa mle ndani, na hawatasema. Nikiandika kwa kubahatisha nitakuwa sawa na yule mwenye kamera, ninapiga picha ya mlango na kuiita nyumba.

Nilikwenda kwa Bibi Chausiku leo jioni nikamsomea kile kipande. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamuuliza, niwajibu nini? Akasema, "Waache. Wanayoyajua wameshayasema." Kisha akaniuliza nina umri gani sasa, na kama mama yangu bado yu hai huko Handeni mjini. Nikamwambia yu hai. Akasema mvua ikikatika nimwite aje.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Ninafundisha siasa darasani, Dorkasi. Najua yote yanayosemwa dhidi ya kuchezwa, na mengi nimeyasema mimi. Bado nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni kwamba nimetamani kuingia.

Barua ya mhariri nimeichana. Hii ya kwako nimeifunga. Nimezima taa, nikaiwasha tena na kuifungua niandike mstari huu, mvua bado inanyesha. Sasa nalala, saa saba kasorobo.

Fatu